Istilahi za Matembezi ya Bandarini: Mfano wa Bandari ya Unguja

Hali ya bahari inaporuhusu, vyombo vidogo vya tanga na vya mashine huondoka ufukweni Forodhani, Unguja, vikiwa vimechukua wageni wanaotaka kuutazama Mji Mkongwe kutoka baharini. Havipeleki shehena wala havivushi abiria. Huzunguka mbele ya mji na kwenye visiwa vilivyo karibu, kisha hurejea pale pale vilipotoka. Shughuli hii ina maandishi yake: matangazo, vijitabu vya maelezo, masharti ya usalama na mafunzo ya waongoza watalii. Aghalabu maandishi hayo hutungwa kwanza kwa lugha ya kigeni, ndipo yakatafsiriwa kwa Kiswahili. Hivyo bandari iliyokuwa na Kiswahili chake tangu zamani huelezwa kwa Kiswahili cha kubahatisha.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mfasiri wa mambo ya bandari hana haja kubwa ya kubuni maneno mapya. Maneno mengi yapo vinywani mwa mabaharia. Linalohitajika ni kuyakusanya, kuyapambanua maana na kuyatumia mahali panapostahili.

1. Jina la shughuli yenyewe

Maneno yanayoshindana ni safari, ziara, matembezi na utalii. Safari, kwa mazoea ya lugha yetu, humtoa mtu mahali pamoja na kumfikisha pengine. Husafiri anayetoka Unguja kwenda Pemba. Ziara humwelekea mtu au mahali maalumu, ama kwa heshima ama kwa kazi: waziri hufanya ziara mkoani, na waumini huzuru makaburi. Matembezi hayana haraka, wala hayadai mwisho mwingine ila kurudi nyumbani. Kwa hiyo tunaona kwamba matembezi ya bandarini ndiyo istilahi inayofaa zaidi, na yale ya jioni yaitwe matembezi ya machweo.

Kitenzi kutalii nacho kina nafasi yake. Kabla ya kuhusishwa na wageni wenye kamera, kilikuwa na maana ya kuchunguza jambo na kulipeleleza. Kwa maana hiyo ya asili, mwanafunzi wa Darajani anayepelekwa baharini kuusoma mji wake anatalii bandari sawa na mgeni aliyetoka Ulaya.

2. Majina ya vyombo

Waingereza wana neno moja wanalolitumia kwa karibu kila chombo cha tanga cha Bahari ya Hindi. Mfasiri akilikuta neno hilo, mara nyingi huandika jahazi bila kuuliza. Kwa hakika jahazi ni chombo kikubwa cha mbao, kinachostahili shehena na masafa. Mashua ni ndogo kuliko jahazi, imeundwa kwa mbao, na tezi yake imekatwa bapa. Dau, kwa umbo lake la asili, limechongoka mbele na nyuma. Ngalawa ni gogo lililochongwa, lenye matengo pande zote mbili ya kulizuia lisipinduke. Mtepe, ambao hausafiri tena, mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigwa misumari.

Tofauti hizi si za mapambo. Mtumishi anayeandika leseni ya jahazi kwa ajili ya ngalawa ameandika jambo lisilo kweli kuhusu idadi ya watu ambao chombo kinaweza kuwachukua. Ikiwa aina ya chombo haijulikani, ni bora kuandika chombo cha tanga na kukomea hapo.

3. Pande za chombo

Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi. Hata watu wa bara wasiopata kuona bahari huyajua maneno haya kwa methali isemayo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni sehemu ya ndani chini ya chombo, ambamo maji hukusanyika.

Ugumu huanza kwenye ubavu. Baadhi ya wafasiri hutumia goshini na demani kwa maana ya kulia na kushoto. Matumizi hayo yanapotosha. Upande wa goshi ni ule upepo unakotoka, na upande wa demani ni ule upepo unakoelekea; chombo kikigeuza tanga, pande hizo nazo hubadilika. Kulia na kushoto kwa chombo hupimwa kwa mtu anayeelekea omo, wala hazibadiliki. Tena, abiria wa matembezi hukaa wakitazamana, hivyo mkono wa kulia wa mmoja ni wa kushoto wa mwenziwe. Mwongoza watalii asemaye “upande wa mjini” na “upande wa visiwani” ataeleweka na wote.

4. Majina ya mahali

Hapa ndipo hasara ya tafsiri inapokuwa kubwa. Kisiwa cha Changuu kilipewa na wageni jina la gereza, na sasa baadhi ya vijitabu vya Kiswahili hukiita Kisiwa cha Gereza. Gereza lilijengwa huko mwaka 1893, lakini halikutumika kuwafunga wahalifu. Majengo yaligeuzwa kuwa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Anayetafsiri jina la kigeni anaeneza habari isiyotokea. Vivyo hivyo Chapwani huitwa kisiwa cha makaburi. Ni kweli kwamba wamezikwa huko mabaharia wa Kiingereza, wakiwamo wa manowari Pegasus iliyoshambuliwa bandarini na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914. Hata hivyo, maelezo ya mahali si jina la mahali. Jina libaki Chapwani, na habari ya makaburi iandikwe kama habari.

Majina ya ufukweni nayo yanajieleza yenyewe. Forodhani ni penye forodha, Mizingani ni penye mizinga, na Darajani palikuwa na daraja juu ya mkono wa bahari ambao sasa umefukiwa. Na tuandike Mji Mkongwe, si “Mji wa Mawe”.

Aidha, maelezo yaangaliwe upya kila mara. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Maandishi ya kabla ya siku hiyo hayafai kunakiliwa yalivyo. Pia mwongozaji aonyeshe kisichoonekana: meli Glasgow ya Sultani ilizamishwa na Waingereza mbele ya mji tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikutimiza saa moja.

5. Lugha ya usalama

Msiba wa meli Spice Islander wa Septemba 2011 na ule wa Skagit wa Julai 2012 umetufundisha sote kwamba bahari haina mzaha. Masharti ya usalama si mahali pa ufasaha wa kiofisi. Sentensi kama “abiria wanashauriwa kuhakikisha kwamba majaketi okozi yanakuwa yamevaliwa” humchosha msikilizaji kabla hajaelewa. Iandikwe hivi: “Vaa jaketi okozi kabla chombo hakijaondoka. Usilivue mpaka umeshuka.” Vilevile: “Foromali inahamishwa, inamisheni vichwa”, na “Msikimbilie upande mmoja kupiga picha, chombo kitalala.”

6. Istilahi tunazopendekeza

Matembezi ya bandarini: mzunguko wa chombo kwa ajili ya kutazama bandari na kurejea kilipoanzia.
Foromali: boriti ndefu ambayo tanga hufungwa.
Kutweka tanga: kulipandisha. Kutua tanga: kulishusha.
Kubisha: kwenda kinyume cha upepo kwa kugeuzageuza chombo.
Bamvua: siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana.
Maji mafu: siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.
Jaketi okozi: vazi la kumwelesha mtu majini.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi walio karibu na bandari za Tanga, Mombasa, Lamu, Kilwa na kwingineko walinganishe maneno haya na yale yanayosemwa kwao. Manahodha waliojifunza kazi kabla ya mashine kuenea wanazidi kupungua, na neno lisiloandikwa huondoka pamoja na mwenyewe. Anayetaka istilahi ya bahari na ashuke kwanza ufukweni kuuliza. Kamusi za kigeni zifuate baadaye.