Lozi Mbili za Chokaa

Ndani ya ubongo, kila upande, mbele kidogo ya usawa wa sikio, kuna fundo la seli za neva lenye umbo la lozi, liitwalo amigdala. Kwa wengi wa wenye ugonjwa wa Urbach-Wiethe, ingawa si wote, lozi hizo hujaa kalsiamu mwaka baada ya mwaka. Mtu akifika utu uzima, picha ya CT huonyesha madoa mawili meupe kama chokaa, na mara nyingi tishu za jirani zimesalimika.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1929 na Erich Urbach, daktari wa ngozi, na Camillo Wiethe, daktari wa masikio, pua na koo. Fani zao zinajieleza: dalili ya kwanza ni sauti ya kukwaruza tangu uchanga, kisha ngozi hukakamaa na vipele kama shanga hujipanga kwenye kingo za kope. Chanzo, kilichobainika mwaka 2002, ni hitilafu katika jeni ya ECM1 iliyo kwenye kromosomu namba 1. Mgonjwa hurithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe huwa wazima. Wagonjwa walioripotiwa duniani ni mamia tu.

Mashuhuri kati yao ni mwanamke wa Marekani ajulikanaye kwa herufi S.M., ambaye amigdala zake zote mbili zimeharibika. Akili yake ni ya kawaida. Alipoombwa kuchora nyuso, furaha, huzuni na hasira hazikumshinda. Kwenye hofu alikwama, mwishowe akachora mtoto mchanga anayetambaa. Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa hakuwa akiyatazama macho ya watu, na alipoelekezwa kuyatazama aliitambua hofu vizuri. Dukani kwa wauza nyoka, wanyama aliodai kuwachukia, alimshika mmoja kwa zaidi ya dakika 3 na kuomba tena na tena aguse wale wa hatari.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba amigdala ndiyo makao ya hofu. Lakini mwaka 2013 S.M. alivutishwa hewa yenye kabonidioksidi asilimia 35, akashikwa na kiwewe kikubwa. Hatari itokayo ndani ya mwili, inaelekea, ina njia yake.

Namaqualand, Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu ni wa kawaida kuliko kwingineko, imezidi kulitia utata suala hili. Wanawake waliochunguzwa huko wameharibika sehemu moja tu ya amigdala, ile ya chini na pembeni, huku ya kati ikibaki nzima. Hao hawakosi hofu. Wao huwa wepesi mno kuhisi uso wenye hofu. Yaelekea sehemu iliyoharibika ndiyo huizuia ile ya kati isipige kengele ovyo.