VYOMBO VYA MAMA MKUBWA WA VOI
Picha zisizo na sura ya mtu, lakini zenye watu ndani yake

Kuna watu, msomaji mpenzi, ambao hawapigwi picha. Mama mkubwa wangu wa Voi ni mmoja wao. Si kwamba ana uso wa kuficha, la hasha. Ila alilelewa na baba aliyeshika dini sawasawa, akafunzwa tangu udogoni kwamba sura ya kiumbe chenye roho si jambo la kuchezewa. Hadi leo, naye amekwisha pita miaka 80, hana picha yake ila ile ya kitambulisho, na hiyo nayo asema alipigwa kwa dharura.

Basi jamaa walipokata shauri kwamba nyumba ya Voi iuzwe na bibi huyu ahamie Mombasa kwa mwanawe, mimi niliingiwa na hofu. Nyumba ikishauzwa, na vyombo vikishagawanywa, ni nini kitakachobaki kutuonyesha kwamba tulikuwako huko? Nikatia kamera mkobani, nikapanda basi. Tukapita Mariakani na Samburu, tukapita Mackinnon Road penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah ambapo wasafiri wengi hutua kusali na kuomba dua, na kabla ya Adhuhuri nikawa nimeshuka Voi, viatu vimejaa lile vumbi jekundu ambalo hata ndovu wa Tsavo huonekana wekundu kwa ajili yake.

Nilipomwambia nia yangu, alicheka. "Picha yangu hupigi, mwanangu." Nikamjibu, "Sikuja kukupiga wewe, mama. Nimekuja kupiga vyombo vyako."

Hapo hakuwa na la kupinga. Sisi sote tuliopita chuoni twaijua habari ya Ibn Abbas, Mungu awe radhi naye, alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora sura. Alimwonya, kisha akampa njia: ikiwa ni lazima uchore, basi chora miti na vitu visivyo na roho. Wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana juu ya kamera, wala si kazi yangu kuwaamua. Lakini juu ya picha ya sinia na kibuyu sijamsikia aliyegombana.

KITAMBAA CHENYE MAJI

Nikatoa meza ndogo, nikaiweka karibu na dirisha la mashariki ili nipate mwanga wa asubuhi ya pili. Nikapanga vitu kimoja kimoja: taa ya mkono ya reli yenye vioo vyekundu na vya kijani, mbuzi ya kukunia nazi, sahani nyeupe ya kombe, kapu la mkonge lililosukwa kwa mistari ya rangi, na kibuyu kimoja cha zamani, kimepasuka mdomoni na kushonwa kwa uzi, cheusi tititi kwa masizi.

Nami kwa ujinga wangu nikachukua kitambaa chenye maji nikaanza kukisugua kile kibuyu, nikidhani nakipamba. Mama mkubwa aliinuka kitini kwa haraka ambayo sikuitarajia kwa umri wake, akaninyang'anya.

"Wafanyani? Huo si uchafu. Huo ni moshi wa bibi yangu."

Nikatazama kitambaa. Kilikuwa cheusi. Sijui ni miaka mingapi niliyoifuta kwa mikono yangu miwili.

Tukakaa kitako, akanieleza. Bibi yake, mzaa mama yake, alikuwa mtu wa Kasigau, ule mlima ulio kusini mashariki ya Voi, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,600. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa Tanganyika walivuka mpaka wakaishambulia ngome ya Waingereza hapo Kasigau. Waingereza wakawatuhumu wenyeji kwamba ndio waliowaonyesha adui njia. Nyumba zikachomwa moto, na watu wa mlima ule, wake kwa waume na watoto, wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Watu waliozoea baridi ya mlimani wakatupwa kwenye joto la pwani na homa zake, wengi walikufa. Waliosalia hawakuruhusiwa kurejea mlimani kwao hadi miaka ya 1930.

"Bibi alishuka mlimani na mtoto mgongoni na kibuyu hiki mkononi," alisema. "Mtoto alizikwa Malindi. Kibuyu kilirudi."

Mama yake mama mkubwa, yaani bibi yangu mimi, alizaliwa huko huko uhamishoni. Alipokuwa mwanamwali ndipo aliposhuka Voi, akaolewa na Mswahili wa Mji wa Kale wa Mombasa aliyekuwa mtumishi wa reli, akasilimu, akazaa. Taa ile ya vioo viwili ni ya babu. Mbuzi ya kukunia nazi ni yake pia, maana Voi hakuna minazi. Nazi zilikuja kwa gari la moshi, na babu hakukubali kula wali usio na tui hata siku moja. Kapu la mkonge alisuka bibi mwenyewe kama wanavyosuka wanawake wa Kitaita. Na sahani ya kombe ndiyo tuliyoandikiwa zafarani sisi sote tulipougua utotoni, ikatiwa maji tukanywa.

SISI NI KINA NANI?

Nakumbuka siku moja, nilipokuwa kijana, niliulizwa katika ofisi fulani: "Kabila lako?" Nikasema Mswahili. Karani akatikisa kichwa, akauliza asili ya mama. Nikasema Taita. Akaniuliza, "Sasa nishike lipi?" Nilitoka pale nimeona haya, kana kwamba nimekamatwa na vitu viwili na kimoja nimekiiba.

Laiti ningekuwa na meza ile siku hiyo! Maana katika meza ile kibuyu cha Kasigau na mbuzi ya Mombasa vilikaa bega kwa bega, wala hapana kilichomuuliza mwenziwe kabila. Jikoni mwa bibi yangu vilifanya kazi moja miaka mingi. Ni sisi wenye kalamu tuliotaka kuvitenganisha.

PICHA NI SHAHIDI

Sanaa hii ya kupiga picha za vitu vilivyotulia si ngeni. Ni kongwe kama kamera yenyewe. Mwingereza William Henry Fox Talbot, mmoja wa waliovumbua upigaji picha, katika kitabu chake kilichoanza kutoka mwaka 1844 alitia picha ya vyombo vya kaure vimepangwa rafuni, mfano wa zile zidaka za nyumba zetu za Lamu na Mombasa. Akaeleza kwamba mwizi akija kuviiba, picha ile itaweza kusimama mahakamani kama shahidi asiyesema.

Na hapa petu jambo hilo limetokea kweli. Mwaka 1985 mtaalamu wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda kando ya vigango viwili, zile nguzo za mbao zinazosimamishwa kuwakumbuka marehemu. Muda si mrefu vigango vikaibiwa. Mwaka 1999 mtaalamu huyo alikitambua kimoja katika picha za makumbusho ya Marekani, na cha pili nacho kikapatikana katika makumbusho mengine huko huko. Picha ile ya 1985 ndiyo iliyokuwa hoja, na mwaka 2007 vigango vyote viwili vilirudi kwa wenyewe. Sisi Waislamu ada hiyo si yetu, lakini wizi ni wizi, na haki ni haki.

Nimeyasema haya kwa kuwa hata Voi walikwisha fika wanunuzi wa vitu vya kale. Mmoja alikitaka kibuyu kile kwa bei ya kuku wawili. Mama mkubwa alimwambia kuku anao.

Nilipiga picha kumi na moja. Kibuyu nilikipiga kama kilivyo, na ile alama ya kitambaa changu ubavuni, nyeupe kidogo, ikaonekana. Nilitaka kuigeuza upande wa nyuma. Akasema iache, na hiyo pia ni habari yake sasa. Wajukuu wajue nani aliyefuta.

Baada ya wiki mbili nilimletea picha zimesafishwa. Aliitazama ya kibuyu muda mrefu bila kunena. Kisha akaomba kalamu, akaniamuru niandike nyuma yake jina la bibi yake, jina la yule mtoto aliyezikwa Malindi, na mwaka 1915. Majina hayo sitayatia gazetini. Ni amana ya nyumba.

Nawe msomaji, kabla hujahama na kabla hujatupa, tazama kilichoko uvunguni mwa kitanda cha bibi yako. Muulize kimetoka wapi. Kipige picha, na nyuma yake uandike jina, mahali na mwaka, kwani picha isiyo na maandishi baada ya vizazi viwili huwa ni karatasi tu. Na tafadhali, usitangulie na kitambaa.

Siku ya kuhama vyombo vyote vilipakiwa garini. Kibuyu hakupewa utingo. Mama mkubwa alikifunga kwa leso, akakipakata mapajani toka Voi hadi Mombasa.