Kwa Nini Ninachoka Kila Siku?

Kila mtu afanyaye kazi huchoka. Mama apandaye mlima wa Kalehe na mzigo wa muhogo mgongoni, kamba ikimkaza kipaji cha uso, hana budi kuchoka. Mvuvi aliyekesha ziwani huchoka vilevile. Uchovu wa namna hii si ugonjwa. Mtu akila, akanywa maji, akalala vizuri, nguvu zinarudi.

Lakini kuna uchovu mwingine. Unaamka asubuhi, na mwili ungali mzito. Ukipanda kidogo tu, moyo unapiga mbio. Watu wa nyumbani wanasema, “Amekuwa mvivu.” Wengine wanasema jirani amekuloga. Usiwasikilize, wala usimchukie jirani yako bure. Mtungi ukitoboka, haufai kujazwa tu. Kwanza tafuta tundu, ulizibe. Basi, tutafute matundu yanayomwaga nguvu zako.

1. Je, damu yako inatosha?

Damu huchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mote. Damu ikipunguka, misuli hukosa hewa hiyo, nawe unachoka. Simama penye mwanga, vuta ukope wa chini wa jicho, mtu mwingine akutazame. Ndani panapaswa kuwa pekundu. Pakiwa peupe, na viganja na ulimi vikiwa vyeupe pia, yafaa damu yako ipimwe.

Ni nini kinachomaliza damu? Malaria huvunja chembe zake. Kwa hiyo lala ndani ya chandarua kila usiku, na ukipata homa upimwe upesi. Minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya mguu mtupu, hukaa ndani ya matumbo, na kunyonya damu kila siku. Kwa hiyo vaa viatu shambani, chimba choo na kukitumia, na uombe dawa ya minyoo kwenye kituo cha afya. Tena, mimba zinazofuatana upesi humnyang'anya mama damu. Afadhali miaka 2 ipite baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Baba na mama waende pamoja kwa mganga kuuliza njia.

2. Je, chakula chako kina nguvu?

Ugali wa muhogo hushibisha tumbo, lakini peke yake haujengi damu. Weka kando yake maharagi, sombe au lengalenga. Ongeza sambaza. Samaki hawa wadogo waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanauzwa sokoni kwetu. Wale wazima, pamoja na mifupa.

Baada ya chakula kula tunda bichi: pera, chungwa au papai. Tunda husaidia mwili kupokea chuma kilichomo katika maharagi na mboga, na chuma ndicho kinachojenga damu. Lakini chai na kahawa huzuia chuma. Usizinywe pamoja na chakula. Ngoja saa moja.

Tazama pia chumvi yako. Huko Idjwi, kisiwa kile tunachokiona ng'ambo ya maji, watu wengi walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa shingo. Waganga waliochunguza jambo hili waliona kwamba iodi ilipunguka katika chakula, na muhogo usiolowekwa vizuri ulizidisha ubaya. Mtu aliyepungukiwa na iodi huweza kuwa mzito na mchovu. Nunua chumvi yenye iodi, uifunike isipate unyevu. Muhogo mchungu uloweke siku 3 au zaidi, kisha uuanike vizuri.

3. Je, unakunywa maji?

Ukilima juani toka asubuhi bila maji, kichwa kinauma na nguvu zinakwisha. Chukua maji yaliyochemshwa shambani, unywe kabla ya kiu kuwa kali. Kasiksi haiwezi kushika mahali pa maji. Inachangamsha kwa muda mfupi, halafu inaharibu usingizi na kumaliza fedha za maharagi.

4. Je, unapumzika?

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au 8. Lakini mama wengi huamka kwanza na kulala mwisho. Baba, jiulize: kuni nani amezibeba? Maji nani ameyateka? Ukichukua mzigo mmoja tu kila siku, umempa mkeo dawa isiyouzwa popote.

Huzuni nayo huchosha mwili. Mwezi wa Mei 2023 maji na udongo vilifunika Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Wengine wamefiwa au wamekimbia vijiji vyao kwa sababu ya vita. Mtu wa namna hii akikosa usingizi na kushindwa kazi, si mvivu. Mtembelee, kaa naye, mwache aseme. Asipopata nafuu, umpeleke kwa mganga.

5. Usingojee nyumbani

Nenda hospitali upesi ukiona mambo haya: unahema hata ukiwa umeketi, miguu inavimba, unakohoa wiki 2 au zaidi, unakonda au kutoka jasho jingi usiku, una kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara. Mama mwenye mimba aliyechoka sana asingoje hata siku moja. Mtoto aliyelegea, asiyetaka kucheza wala kunyonya, aletwe leo hii.

Mganga akikupa vidonge vya chuma, vimeze mpaka siku aliyokuambia. Wengi huviacha wakijisikia vizuri baada ya wiki chache. Hilo ni kosa, maana damu haijengwi kwa siku moja. Vidonge hivyo vikifanya choo kiwe cheusi, usiogope. Uviweke mbali na watoto, maana vingi vinaweza kumwua mtoto.

Basi, usianze na mambo kumi. Jioni hii weka maharagi na mboga kando ya ugali, funga chandarua, lala mapema. Kesho penye mwanga umtazame mama wa nyumba yako machoni. Labda yeye ndiye aliyechoka kuliko wote, naye hajasema neno.