Kuihama iPhone kwenda Android

Mwenye kuazimia kuihama iPhone na kuingia katika milki ya Android hana budi, kabla ya kuitoa laini yake katika simu ya zamani, kuizima iMessage, huduma ya Apple ya kutumiana ujumbe. Kwani asipofanya hivyo, ujumbe wa jamaa zake wenye iPhone huenda ukaendelea kupelekwa kule alikokwisha kuhama, naye asiupate. Malalamiko yalizidi hata mwaka 2014 Apple ikatoa njia ya kuiondoa namba katika huduma hiyo, hata kwa aliyekwisha kuiuza simu yake. Picha huhamishika kwa wepesi. Bali programu zilizonunuliwa hazihami, na hiyo, kwa rai yangu, ni dhuluma kwa mnunuzi. Basi, ndugu msomaji, usiifute simu ya kale mpaka uhakikishe kwamba amana zako zote zimewasili.