Geji za nishati katika gari la umeme

Geji za nishati katika gari la umeme ni vipimo vya kwenye dashibodi vinavyomwonyesha dereva mambo manne: nguvu inayotumika kwa wakati ule, chaji iliyobaki ndani ya betri, wastani wa matumizi ya umeme kwa umbali, na kilomita ambazo gari linakadiriwa kuweza kwenda kabla ya betri kuisha. Geji hizi huchukua nafasi ya geji ya mafuta ya gari la petroli au dizeli, lakini hazisomwi kwa namna ileile. Tatu za kwanza hutegemea umeme uliopimwa. Ya nne ni makadirio ya safari ambayo bado haijafanyika. Tofauti hiyo huonekana wazi mahali penye milima, kwa mfano kwenye barabara zinazopanda kutoka Moshi kuelekea mlima Kilimanjaro.

Nguvu na nishati

Ili kuzielewa geji hizi ni lazima kutofautisha nguvu na nishati. Nguvu ni kasi ya kutumia nishati, nayo hupimwa kwa kilowati (kW). Nishati ni jumla ya kilichotumika, nayo hupimwa kwa kilowati-saa (kWh). Kilowati-saa moja ndiyo yuniti moja ambayo mteja wa TANESCO hununua kwa ajili ya mita ya LUKU. Pasi ya kilowati 1 ikiwaka saa nzima hula yuniti moja. Gari linalotumia kilowati 20 hula yuniti moja kila dakika 3.

Kompyuta ya gari hupima mkondo unaotoka kwenye betri kwa kutumia kihisio, na hupima pia volti za betri. Volti zikizidishwa kwa ampea hutoa wati: betri ya volti 350 inayotoa ampea 60 inatoa wati 21,000, yaani kilowati 21. Kompyuta hurudia kipimo hicho mara nyingi kwa sekunde na kujumlisha, na hivyo hujua nishati iliyotoka na iliyorudi.

Aina za geji

Geji ya nguvu huonyesha kilowati za wakati uleule. Kwa kawaida ina sifuri na pande mbili. Dereva akikanyaga pedali, mshale au taa huenda upande wa matumizi. Akiachia pedali au akifunga breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na geji huenda upande wa chaji.

Geji ya chaji huonyesha asilimia iliyobaki. Asilimia hiyo ni ya uwezo wa betri kwa sasa, si wa siku ilipotoka kiwandani. Betri iliyochakaa inaweza kuonyesha asilimia 100 huku ikiwa na yuniti chache kuliko betri mpya. Kwa sababu hiyo Nissan Leaf za mwanzo zilikuwa na vipande 12 vidogo kando ya geji ya chaji. Kadiri betri inavyochakaa, vipande hivyo hupungua kimoja kimoja. Anayenunua Leaf iliyotumika hutazama vipande hivyo kwanza.

Geji ya wastani wa matumizi huandikwa kwa namna mbalimbali. Magari mengi hutumia yuniti kwa kilomita 100 (kWh/100 km), ambapo namba ndogo ni nzuri. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hutumia kilomita kwa yuniti (km/kWh), ambapo namba kubwa ni nzuri. Ili kubadili moja kuwa nyingine, 100 hugawanywa kwa namba iliyopo: kilomita 6 kwa yuniti ni sawa na yuniti 16.7 kwa kilomita 100.

Geji ya umbali uliobaki huonyesha kilomita. Katika magari mengi kompyuta huchukua yuniti zilizobaki na kuzigawanya kwa wastani wa matumizi ya kilomita za karibuni. Kwa maneno mengine, huchukulia kwamba barabara iliyo mbele itafanana na ile iliyokwisha kupitwa. Baadhi ya magari ya kisasa huingiza pia kimo cha barabara kutoka kwenye ramani, lakini hufanya hivyo tu pale dereva anapotaja mahali anapokwenda.

Historia

Magari ya umeme ya mwanzoni mwa karne ya 20, kama yale ya Baker na Detroit Electric nchini Marekani, yalikuwa na vipimo vya volti na ampea mbele ya dereva. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ilizoesha madereva kuona kwenye skrini jinsi nishati inavyokwenda na kurudi kati ya injini, mota na betri. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya yuniti 24. Katika Afrika Mashariki, huduma ya teksi ya NopeaRide ilitumia magari ya Leaf jijini Nairobi kuanzia mwaka 2018.

Mfano: kutoka Moshi hadi lango la Marangu

Mji wa Moshi uko kwenye kimo cha takriban mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu, ambapo wapanda mlima wengi huanzia safari, liko kwenye mita 1,860 hivi. Umbali kwa barabara ni kama kilomita 45. Sehemu ya kwanza, hadi Himo, ni kama kilomita 25 na haina mlima mkubwa. Karibu kimo chote, yaani mita 1,000 hivi, hupandwa katika kilomita 20 za mwisho.

Tuchukue gari lenye uzito wa kilo 1,800 pamoja na abiria, betri ya yuniti 40 iliyojaa, na matumizi ya yuniti 15 kwa kilomita 100 kwenye tambarare. Likifika Himo limetumia yuniti 3.75. Zimebaki 36.25, na geji ya umbali huonyesha kama kilomita 240.

Kuinua kilo 1,800 kwa mita 1,000 kunahitaji jouli milioni 17.6, ambazo ni yuniti 4.9. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto, betri hutoa kama yuniti 5.4. Zikijumlishwa na yuniti 3 za mwendo wa kawaida wa kilomita 20, mpando wote hula yuniti 8.4. Huo ni wastani wa yuniti 42 kwa kilomita 100. Langoni zimebaki karibu yuniti 28, na kompyuta inayofuata wastani huo mpya huonyesha chini ya kilomita 70. Dereva asiyejua hesabu hii anaweza kudhani betri imeharibika.

Hatari kubwa zaidi ni kwa anayefika Himo akiwa na chaji ya asilimia 20, yaani yuniti 8. Geji humwambia ana kilomita 53, na lango liko umbali wa kilomita 20 tu. Hata hivyo mpando unahitaji yuniti 8.4. Gari hili haliwezi kufika. Kabla ya kusimama, kompyuta hupunguza nguvu ili kulinda betri. Katika Leaf ishara yake ni taa yenye picha ya kobe. Kwa hiyo kabla ya kupanda, kipimo cha kutegemea ni yuniti zilizobaki, si kilomita zilizobaki. Kwa gari la ukubwa huu, kanuni rahisi ni kuongeza yuniti 5.5 kwa kila mita 1,000 za kimo.

Kushuka na betri iliyojaa

Wakati wa kushuka, gari hurudisha sehemu ya nishati ya kimo. Ikiwa theluthi mbili ya zile yuniti 4.9 hurudi, betri hupata kama yuniti 3.3, zinazotosha kulipia kilomita 20 za kushuka hadi Himo. Sasa geji ya umbali hukosea upande wa pili: hupanda sana, kana kwamba barabara yote iliyobaki ni mteremko.

Umeme huo hurudi ikiwa tu betri ina nafasi. Gari lililochajiwa usiku kucha kule juu hadi asilimia 100 haliwezi kupokea chaji nyingine linapoanza kushuka. Upande wa chaji wa geji ya nguvu hubaki karibu na sifuri, gari halishikwi na mota kama dereva alivyozoea, na kazi yote huangukia breki za kawaida, ambazo zinaweza kupata joto kali na kupungua uwezo. Katika mfano huu nafasi inayohitajika ni yuniti 3.3, sawa na asilimia 8 ya betri. Kuacha kuchaji kwenye asilimia 85 au 90 kabla ya kuteremka hulinda breki na huokoa umeme.

Pikipiki na bajaji za umeme

Pikipiki na bajaji nyingi za umeme hazina kipimo cha mkondo kinachojumlisha nishati. Geji yake husoma volti za betri peke yake. Volti hushuka mota inapovuta mkondo mkubwa, hivyo katikati ya mlima geji huweza kuonyesha betri inakaribia kuisha, kisha ikapanda tena chombo kinaposimama. Usomaji ulio karibu na kweli ni ule unaochukuliwa chombo kikiwa kimesimama kwa dakika chache.

Tazama pia

Gari la umeme
Betri
Kilowati-saa
Nishati
Moshi (mji)
Kilimanjaro