Sofia, Juni 2010: usiku ambao wapenzi wa Metallica na Megadeth waliungoja miaka 27

Ilikuwa siku ya Jumanne tarehe 22 Juni 2010. Katika uwanja wa Vasil Levski mjini Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, makundi manne makubwa ya muziki wa metali, yaani Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax, yalicheza siku moja kwenye jukwaa moja. Kijana aliyekwenda kujifurahisha aliona tamasha kubwa, basi. Lakini mpenzi wa siku nyingi, yule aliyefuata muziki huu tangu miaka ya 1980, alikuwa na swali moyoni. Viongozi wa makundi mawili kati ya hayo manne hawakuwa wakiiva chungu kimoja kwa muda wa miaka 27. Je, siku hiyo wangesimama pamoja mbele ya watu?

Muziki wenyewe unaitwa thrashi. Ulizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Marekani, hasa katika jimbo la California. Vijana wa huko walichukua metali nzito ya Waingereza, wakaichanganya na mwendo wa kasi wa muziki wa panki. Kwetu Congo, gitaa la solo ndilo linaloongoza sebene na kuwainua watu kwenye viti. Katika thrashi kazi hiyo hufanywa kwanza na gitaa la akompanyema: mwanamuziki anazuia nyuzi kwa kiganja na kuzipiga haraka sana, mpaka mlio unakuwa mzito na mkavu. Nyuma yake mpiga ngoma anakanyaga pedali mbili bila kupumzika. Maneno ya nyimbo hayasemi sana mapenzi. Yanasema vita, kifo, wanasiasa waongo, wazimu na hofu ya bomu la nyuklia.

Metallica, Slayer na Megadeth walitokea California, Anthrax wakatokea New York. Kwa wapenzi wa metali, mwaka 1986 unahesabiwa kuwa mwaka mkubwa: Metallica walitoa Master of Puppets mwezi wa Machi, Megadeth wakatoa Peace Sells mwezi wa Septemba, na Slayer wakafuata mwezi wa Oktoba na Reign in Blood, albamu ya nyimbo 10 isiyofikisha hata nusu saa. Anthrax walileta Among the Living mwaka uliofuata.

Ugomvi ulianza wapi?

Dave Mustaine, kiongozi wa Megadeth, alikuwa mpiga gitaa wa Metallica tangu mwanzo wa kundi hilo. Mwezi wa Aprili 1983, Metallica walipokuwa wamefika New York kutengeneza albamu yao ya kwanza, wenzake walimwamsha asubuhi na kumwambia kwamba hayumo tena. Sababu ilikuwa pombe na ugomvi. Walimpandisha basi la kurudi California, safari ya siku nne hivi. Nafasi yake ilichukuliwa na Kirk Hammett, aliyetoka katika kundi la Exodus.

Ndani ya basi hilo, Mustaine aliokota karatasi ya mwanasiasa mmoja iliyozungumzia silaha za nyuklia, na humo akapata neno lililokuja kuwa jina la kundi lake, Megadeth. Miezi michache baadaye albamu ya Metallica, Kill 'Em All, ilitoka. Nyimbo nne kati ya zile za albamu hiyo zilikuwa na jina lake kati ya watungaji, lakini yeye hakuwemo kwenye picha.

Tangu hapo wapenzi waligawanyika. Wengine walisema Metallica walifanya vizuri, maana kundi lisingeendelea na mtu wa vurugu. Wengine walisema Mustaine alionewa, kwani hakupewa hata nafasi ya kujirekebisha. Megadeth waliuza mamilioni ya albamu, lakini Metallica waliuza zaidi. Katika filamu Some Kind of Monster ya mwaka 2004, Mustaine anaonekana ameketi na Lars Ulrich, mpiga ngoma wa Metallica, akimweleza jinsi kufukuzwa kule kulivyomuumiza, na jinsi ilivyo vigumu kuishi miaka yote ukihesabiwa wa pili.

Wapenzi wa rumba hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Wenge Musica ilipasuka mwezi wa Desemba 1997, JB Mpiana akabaki na BCBG, Werrason na wenzake wakaanzisha Maison Mère, na mitaa ya Kinshasa ikagawanyika hivyo hivyo. Ilibidi kungoja tarehe 30 Juni 2022 ili wakubwa wa Wenge waonekane tena pamoja katika Stade des Martyrs. Ni miaka karibu 25. Aliyekuwa kijana wakati wa mpasuko alikwenda kwenye upatanisho akiwa baba wa watoto.

Kaseti za siri kidogo

Mpenzi wa Sofia alikuwa na historia nyingine tena. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1986 aliishi chini ya utawala wa kikomunisti wa Todor Zhivkov, aliyeshika madaraka tangu mwaka 1954. Santuri zilitengenezwa na kampuni ya serikali iliyoitwa Balkanton, nayo haikuwa na haraka ya kuuza muziki wa makelele kutoka Marekani. Vijana walinakili kaseti. Mmoja akipata nakala, rafiki anamwomba, naye anamnakilia mwingine. Kila nakala mpya ilikuwa na sauti mbaya kuliko ile iliyotangulia, lakini watu walisikiliza.

Zhivkov aliondolewa tarehe 10 Novemba 1989. Kijana yule wa kaseti alikuwa na miaka 39 wakati makundi yote manne yalipofika mjini kwake. Nywele ndefu zilikuwa zimepungua kwa wengi, wengine walikuja na watoto wao. Tiketi hiyo haikuwa ya muziki peke yake. Ilikuwa pia malipo ya ujana ambao mtu aliupenda muziki bila uhakika kama siku moja atawaona wenye kuupiga.

Makundi manne, siku moja

Ziara hii ya makundi manne ilikuwa bado changa. Yalikutana kwenye jukwaa moja kwa mara ya kwanza tarehe 16 Juni 2010 mjini Warsaw, Poland. Sofia ilikuwa siku ya sita tangu hapo. Lakini waandalizi walichagua Sofia kwa jambo kubwa: tamasha lilirushwa kwa setilaiti kwenye mamia ya kumbi za sinema, Marekani na katika nchi nyingine.

Anthrax walifungua. Mwimbaji wao Joey Belladonna alikuwa amerudi kundini mwaka huo huo, baada ya kutoka na kurudi mara kadhaa. Katikati ya wimbo wao Indians waliingiza kipande cha Heaven and Hell cha Black Sabbath, kwa kumkumbuka Ronnie James Dio, mwimbaji aliyefariki mwezi mmoja tu kabla, tarehe 16 Mei 2010.

Huko chini, mbele ya jukwaa, watu walianza kuzunguka duara, wakigongana mabega na kusukumana. Anayeona kwa mara ya kwanza anadhani ni vita. Mpenzi wa siku nyingi anajua sheria yake: akianguka mtu, walio karibu wanamwinua mara moja, kisha mzunguko unaendelea. Anajua pia kwamba akiwa na miaka karibu 40, magoti yatamdai kesho yake.

Megadeth walifuata, na mvua ikawanyeshea wao na watu wao. Mpiga besi David Ellefson alikuwa amerudi kundini mwezi wa Februari, baada ya miaka minane ya kutengana na kushitakiana. Kati ya nyimbo walizopiga kuna A Tout le Monde, ambao kiitikio chake ni cha Kifaransa, na uwanja mzima wa Wabulgaria ukaitikia. Kuna pia In My Darkest Hour. Muziki wa wimbo huo Mustaine aliutunga aliposikia habari ya kifo cha Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica, aliyefariki katika ajali ya basi huko Sweden tarehe 27 Septemba 1986. Hata alipokuwa na hasira na Metallica, Mustaine alimlilia Burton kwa wimbo.

Slayer walikuja wa tatu. Mwimbaji wao Tom Araya, mzaliwa wa Chile, alikuwa amefanyiwa upasuaji mwezi wa Januari kwa sababu ya shingo. Miaka yote alijulikana kwa kurusha kichwa mbele na nyuma akipiga besi. Sofia alisimama wima. Pembeni yake Jeff Hanneman, mtungaji wa sehemu kubwa ya nyimbo zao, alipiga gitaa kama kawaida. Hakuna aliyejua kwamba muda wake ulikuwa umebaki mfupi.

Giza lilipoingia ikawa zamu ya Metallica. Muziki wa Ennio Morricone kutoka filamu moja ya kauboi ya mwaka 1966 ulisikika kwanza, kama wanavyofanya tangu mwaka 1983, na uwanja ukauimba ingawa hauna maneno. Ulipofika wimbo One, milio ya risasi na mabomu ilitangulia. Mtu wa kwetu mashariki, anayejua milio hiyo ilivyo kweli, labda asingeiona kuwa burudani. Lakini wimbo huo hausifu vita. Unamweleza askari aliyepoteza mikono, miguu, macho na sauti, akabaki hai ndani ya mwili wake bila njia ya kuongea na watu.

Wimbo usiokuwa wa mtu yeyote kati yao

Metallica walipomaliza nyimbo zao kubwa, hawakuaga. James Hetfield aliwaita wenzake wa makundi mengine. Wakatoka Anthrax, wakatoka Megadeth, na kutoka Slayer akaja mpiga ngoma Dave Lombardo peke yake. Hetfield na Mustaine wakakumbatiana mbele ya uwanja wote na mbele ya kamera.

Kisha wakapiga Am I Evil?, wimbo wa kundi la Uingereza liitwalo Diamond Head. Uchaguzi huo ulikuwa na maana. Kama wangepiga wimbo wa Metallica, Mustaine angekuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Kama wangepiga mmoja wa zile nyimbo nne za mwaka 1983, swali la nani alitunga nini lingerudi. Wimbo wa Diamond Head haukuwa wa Hetfield wala wa Mustaine. Ulikuwa wimbo wa wengine, walioupiga wote wawili walipokuwa bado vijana katika kundi moja, mwaka 1982, bila fedha wala jina.

Kwa mpenzi wa siku nyingi, hapo ndipo tamasha lilipofikia. Waliokuwa upande wa Mustaine na waliokuwa upande wa Hetfield walikuwa wamesimama bega kwa bega, wameloa, wakiimba wimbo mmoja. Hakuna hukumu iliyotolewa. Hakuna aliyesema nani alikosa mwaka 1983. Watu wazima waliamua tu kwamba miaka 27 inatosha.

Baada ya hapo wageni waliondoka, na Metallica wakafunga kwa Hit the Lights na Seek & Destroy, nyimbo mbili za albamu ile ya kwanza.

Yaliyofuata

Kukumbatiana kwa Sofia hakukubaki kuwa mchezo wa kamera. Tarehe 10 Desemba 2011, Metallica waliposherehekea miaka 30 mjini San Francisco, Mustaine alipanda jukwaani na kupiga pamoja nao nyimbo za Kill 'Em All, zikiwemo zile alizoshiriki kuzitunga. Maneno makali yalirudi mara moja moja katika mahojiano, kama inavyotokea katika kila familia, lakini mlango haukufungwa tena kama zamani.

Makundi yote manne yalikutana mara chache tu baada ya hapo. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 14 Septemba 2011, katika uwanja wa Yankee mjini New York, na Hanneman hakuwepo. Ugonjwa wa mkono ulikuwa umemtoa jukwaani. Aliaga dunia tarehe 2 Mei 2013 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 49. Slayer waliacha muziki mwezi wa Novemba 2019, wakarudi mwaka 2024 kwa matamasha machache. Makundi haya yanaweza kukutana tena, lakini si kama yalivyokuwa Sofia. Aliyesema mwaka ule kwamba tiketi ni ghali, atakwenda mwakani, alikosa.

Tukumbushe kwamba mwezi wa Agosti 2025 Megadeth walitangaza albamu yao ya mwisho na ziara ya kuaga. Katika albamu hiyo Mustaine amepiga upya Ride the Lightning, wimbo wa Metallica wa mwaka 1984 ambao naye ni mmoja wa watungaji wake.