Je, ni dhambi kumshtaki mwenye nyumba aliyekula dipoziti yako?

Ndugu msomaji, umehama nyumba uliyoishi miaka minne. Ulilipa kodi, ukatoa notisi, ukarudisha funguo. Mwenye nyumba akasema dipoziti yako utatumiwa mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, na mwingine. Ukimpigia simu hashiki. Jumapili unamwona kanisani, ameketi kiti cha mbele pamoja na wazee.

Unapowaza kwenda kortini, mtu anakufungulia 1 Wakorintho 6 na kukukumbusha kuwa Mkristo hamshtaki mwenzake. Unarudi nyumbani ukijiona wewe ndiwe mkosaji.

Isome sura hiyo tena, ila usiishie mstari wa saba. Ni kweli Paulo anawauliza Wakorintho kwa nini wasikubali kudhulumiwa. Lakini mstari wa nane anawageukia wanaodhulumu ndugu zao, na akifika wa kumi anawataja wanyang'anyi miongoni mwa wasiourithi ufalme wa Mungu. Ajabu ni kwamba sura hii husomewa mpangaji, mwenye nyumba hasomewi. Paulo anauliza pia kama hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu. Hilo ni swali la wazee wa kanisa. Wakiogopa kumuuliza mwenzao pesa za watu ziko wapi, wasimlaumu mpangaji akitafuta mwamuzi kwingine. Paulo mwenyewe, alipoona hatatendewa haki, alikata rufaa kwa Kaisari (Matendo 25:11).

Anza na njia ya Mathayo 18. Mwendee peke yako, kisha na mashahidi, kisha lipeleke kanisani. Jichunguze pia. Ile bili ya maji uliyoacha, dirisha lililovunjwa na watoto wako, ziondoe kwenye hesabu kabla hujadai hata shilingi.

Akikataa, mwandikie barua ya madai umpe muda wa kulipa, nawe ubaki na nakala. Hapa Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai ya pesa yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. Beba mkataba, jumbe za M-Pesa, notisi uliyotoa, na picha za nyumba ulivyoiacha.

Wapo watakaoamua kumwachia Mungu, na huo ni uhuru wao. Lakini usimlazimishe mama anayetegemea pesa hizo kulipia karo kuuita unyonge wake msamaha. Mjane wa Luka 18 alimrudia hakimu hadi akapewa haki yake, na Yesu hakumkemea.

Wewe uliyeamua kwenda, usimwanike kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa. Akilipa njiani, pokea, mpe risiti, uondoe kesi. Na mkikutana mlangoni Jumapili kabla ya siku ya kusikilizwa, msalimie kama kawaida.